Mcheza kwao hutunzwa: je, tuizomee timu yetu?



Kila mara timu yetu inapofungwa, swali moja linarudi nyumbani, sokoni na hata katika mikutano ya vikundi vyetu: je, shabiki ana haki ya kuizomea timu yake mwenyewe? Wengine watatuambia kwamba mpira ni mambo ya wanaume. Sisi tunaona sivyo. Anayecheza uwanjani ni mtoto wa mama fulani, anayempigia miluzi ni mtoto wa mama mwingine, na yule mdogo anayetazama televizyo pembeni yetu anajifunza namna ya kumtendea mtu aliyeshindwa. Tena binti zetu nao wanacheza. Novemba 2024, wasichana wa TP Mazembe waliwafunga AS FAR ya Maroko bao 1 kwa 0, wakachukua kikombe cha klabu bingwa za wanawake wa Afrika. Basi neno hili ni letu pia.

Wanaozomea wana sababu

Tuwasikilize kwanza. Mtu ametoa franka zake kwa tiketi, pengine zile ambazo zingenunua unga wa bukari. Amesimama juani saa nzima kwenye mlango wa uwanja. Halafu anaona mchezaji anatembea wakati wenzake wanakimbia. Afanye nini? Hakumchagua kocha wala kiongozi wa timu, na hakuna anayemuuliza maoni. Amebaki na sauti yake tu. Tena, kusifu kila kitu si upendo. Mama anayempongeza mtoto aliyeleta alama mbaya kwa sababu ya uvivu, hamsaidii.

Kwa hiyo hatusemi shabiki afunge kinywa. Tunauliza mambo matatu: anamzomea nani, kwa kosa gani, na wakati gani?

Mzigo usioonekana

Machi 1974, timu yetu ya taifa, wakati ule ikiitwa Zaïre, ilishinda kombe la Afrika kule Misri. Ndaye Mulamba peke yake alifunga mabao 9. Miezi mitatu baadaye vijana wale wale walikwenda Ujerumani Magharibi kwa kombe la dunia, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Walifungwa na Scotland 2 kwa 0, na Yugoslavia 9 kwa 0, na Brazil 3 kwa 0. Katika mchezo wa mwisho, Brazil walikuwa wanajiandaa kupiga mpira wa adhabu. Mwepu Ilunga akatoka mbio katika ukuta wa wenzake, akaupiga mpira mbali kabla haujachezwa. Dunia ikacheka miaka na miaka: eti Waafrika hawajui sheria za mpira.

Baadaye Mwepu alieleza yaliyokuwa nyuma. Pesa walizoahidiwa hawakuzipata. Na baada ya yale mabao 9, watu wa Prezida Mobutu waliwaambia kwamba wakifungwa na Brazil mabao 4, wasirudi nyumbani. Sasa fikirini, wamama: kijana anakimbia uwanjani huku anawaza kama atamwona mama yake tena, na watu wanamcheka.

Linganisheni na Februari 2024, kule Côte d'Ivoire. Kabla ya nusu-fainali ya kombe la Afrika, wakati wa wimbo wa taifa, Léopards walifunika vinywa kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kwenye kichwa kama bastola, ili dunia ione mateso ya ndugu zetu wa mashariki. Walifungwa 1 kwa 0, lakini wengi wetu tuliwapigia makofi. Kwa nini? Kwa sababu safari hii tuliuona mzigo waliobeba, na tuliona wametoa nguvu zao zote.

Haraka ya kulaani

Hao Côte d'Ivoire waliotufunga wana somo lao. Tarehe 22 Januari 2024 walikuwa wamefungwa 4 kwa 0 na Guinea ya Ikweta, mbele ya watu wao, katika uwanja wao. Mashabiki walizomea, wengine wakaondoka kabla ya mwisho. Kocha akafukuzwa. Lakini timu ilipita kwa tundu la sindano, na tarehe 11 Februari ikachukua kombe. Siku 20 tu! Waliolaani ndio waliocheza ngoma barabarani. Mtu anaweza kusema kwamba zile kelele ndizo zilizowaamsha. Labda. Lakini yalifanyika pia mambo mengine: kocha mpya alipewa kazi, na wachezaji wakapata nafasi ya pili. Kelele peke yake haifundishi mtu kufunga bao.

Tena kelele inaweza kuzaa kifo. Mei 2014, huko Kinshasa, Vita Club ilikuwa inafungwa na Mazembe katika uwanja wa Tata Raphaël. Hasira ikageuka mawe, polisi wakarusha moshi wa kutoa machozi, watu wakakanyagana milangoni. Watu wapatao 15 walikufa. Walikwenda kutazama mpira, wakarudishwa kwa kilio.

Tunayoyaona darasani

Sisi tunaofundisha watoto tunalijua jambo hili vizuri. Mtoto anasimama kusoma, anakosea neno moja, darasa linacheka. Kesho yake hainui mkono, hata kama jibu analijua. Mchezaji anayezomewa anafanya vilevile: anarudisha mpira nyuma, anajificha nyuma ya mpinzani, kwa maana asiyegusa mpira hakosei. Tulitaka acheze vizuri zaidi, na sasa anaogopa kucheza.

Mvivu ni jambo lingine. Lakini hata mvivu tunamkemea baada ya kazi, kwa jina la kosa lake. Hatumtukani mama yake wala kabila lake, kama tunavyosikia viwanjani.

Basi tufanye nini?

Maoni yetu ni haya. Tangu mpira unapoanza mpaka filimbi ya mwisho, tuwe upande wa watoto wetu, maana wakati ule bado wanaweza kusaidiwa. Baada ya filimbi, anayetaka kulalamika alalamike: anyamaze bila kupiga makofi, aseme katika redio, aulize komite ya mashabiki, au abaki na franka zake wiki ijayo. Na malalamiko yaende kwa wakubwa wanaoshika pesa na kuchagua kocha, kabla ya kumfikia kijana wa miaka 19 aliyekosa penalti.

Katika kartie zetu, watoto wanapocheza kwenye kiwanja cha vumbi, wamama wawe wa kwanza kumpigia makofi golikipa aliyefungwa. Nyumbani, Léopards wakipoteza, tuangalie maneno yetu mbele ya wadogo. Wakituona tunamtupa mtu kwa sababu ya kosa moja, watajiuliza: na mimi, nikianguka mtihani?

Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakuweka sharti kwamba ashinde kwanza. Tunaomba kila kikundi kizungumze jambo hili katika mkutano wa wiki hii, na vijana wetu wa kiume na wa kike waalikwe, maana wao ndio wanaokwenda uwanjani.