Kabla ya kuingiza jiko chumbani, tazama ukuta



Baridi ya mwezi wa sita na wa saba hapa Nyarugusu tunaijua wote. Mwaka jana kwetu tuliingiza jiko la mkaa chumbani, tukafunga mlango, tukalala. Usiku mdogo wangu akaamka analia kichwa, akatapika. Mama kutaka kusimama, miguu ikakataa. Bahati alikuwa karibu na mlango, akausukuma ukafunguka.

Ndugu zangu, mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na huioni. Watu wanalala nayo, hawaamki tena.

Asubuhi tukautazama ukuta. Nyumba yetu ni ya zamani, ya matofali mabichi. Mvua imeyala, kati ya tofali na tofali vidole vinapita. Baba akasema, "Tutengeneze ya nini? Hapa si kwetu." Mama akamjibu, "Baridi haiulizi kama uko kwenu."

Basi tukakandika upya. Tulifanya hivi:

1. Tulikwangua udongo uliolegea, tukaziba nyufa zote.

2. Tulichanganya udongo wa mfinyanzi, mchanga na nyasi kavu zilizokatwa fupi, nyasi nyingi. Nyasi mbichi au zilizooza hazifai. Mchanganyiko ulikaa usiku mmoja.

3. Tulijaribu kwanza sehemu ndogo ya ukuta. Ilipokauka ikapasuka, basi tukaongeza mchanga na nyasi.

4. Tuliulowesha ukuta kidogo, tukapaka tabaka la kwanza. Lilipokauka tukapaka la pili, nene kama vidole vitatu kwa jumla.

5. Chini tulijenga kibaraza ili maji ya mvua yasile msingi.

Kwa nini inasaidia? Nyasi zinashika hewa ndani ya udongo, na hewa hiyo inazuia baridi, kama blanketi linavyofanya. Udongo mnene nao unashika joto la mchana na kulitoa polepole usiku. Hata wakati wa jua kali ndani kunakuwa na nafuu.

Mambo mawili msisahau. Msizibe tundu la hewa lililo juu ya ukuta, maana nyumba lazima ipumue. Na shimo mlipochimba udongo mlifukie, lisije likajaa maji na kuzaa mbu, au mtoto akatumbukia.

Kazi ilituchukua wiki mbili, na majirani walisaidia kukanyaga udongo. Hatukununua kitu. Mwaka huu jiko linabaki nje, na mdogo wangu analala mpaka asubuhi.

Baba bado anasema hapa si kwetu. Lakini jana nimemkuta anaziba ufa mpya nyuma ya nyumba, hakuna aliyemtuma.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.