Enzi gemu ilipopewa jukwaa

Ukishuka kwenye teksi Kansanga jioni, barabara ya Ggaba ikiwa imesongwa na boda boda na wanafunzi, Kiswahili hakikosekani masikioni. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, KIU, kilichoanzishwa mwaka 2001, kimewavuta vijana wengi wa Kenya na Tanzania kwenye mtaa huu wa Makindye. Na penye wanafunzi, vyumba vya gemu havikosi: televisheni mbili tatu ukutani, PlayStation, benchi, na sheria isiyoandikwa popote kwamba aliyefungwa anampisha mwenzake. Watazamaji huwa wengi kuliko wachezaji. Hawajalipa chochote, na hawaondoki.

Nawaandikia watazamaji hao, kwa sababu kiliwahi kuwapo kipindi cha televisheni kilichowaelewa barabara. Kiliitwa GamesMaster.

Kanisa, mzee na kijiti cha dhahabu

Kilianza kuonyeshwa na Channel 4 ya Uingereza Januari 1992. Msimu wa kwanza ulirekodiwa London, ndani ya kanisa lililokuwa halitumiki tena. Vijana walilizunguka jukwaa, mtangazaji Dominik Diamond akamwita mshindani, kisha kwenye skrini ukajitokeza uso wa Patrick Moore. Huyu hakuwa mtu wa gemu. Alikuwa mtaalamu wa elimu ya nyota, mzee wa miaka 68, ambaye Waingereza walimjua kwa kipindi chake cha The Sky at Night alichokitangaza tangu 1957. Sasa akawa bwana mkubwa wa michezo, anayetoa amri: maliza hatua hii kabla saa haijaisha, kusanya sarafu hizi, mpige huyu.

Muundo wa kipindi ulikuwa mwepesi. Jaribio lilikuwa la dakika chache tu, hata bibi asiyejua Sonic wala Street Fighter aliweza kulifuata. Kando ya Diamond aliketi mchambuzi, akieleza mchezaji anapita wapi, hatari iko wapi, amekosea nini. Aliyeshinda hakupewa gari wala hundi. Alipewa Golden Joystick, kijiti cha kuchezea gemu chenye rangi ya dhahabu, akakiinua juu ya kichwa huku ukumbi ukilipuka kwa kelele. Palikuwa pia na sehemu ya ushauri: mtoto aliyekwama kwenye hatua fulani anakuja kumuuliza mzee, naye mzee anamjibu kwa uzito uleule ambao angemjibia mtu anayeuliza habari za sayari ya Zohali.

Misimu ikawa saba hadi 1998. Mandhari ilihama kutoka kanisani hadi kwenye mtambo wa mafuta baharini, ikaenda jehanamu, ikapanda peponi, ikazama chini ya bahari. Kipindi kilizaa jarida lililoanza 1993 na kudumu hadi 2018. Moore alifariki Desemba 2012, na kipindi kiliporejea mwaka 2021 kupitia E4, nafasi yake ilichukuliwa na Trevor McDonald, msomaji habari maarufu mzaliwa wa Trinidad.

Hakikuwa cha kwanza duniani. Marekani ilikuwa na Starcade kati ya 1982 na 1984, na mwaka 1992 Nickelodeon ikaleta Nick Arcade. Korea Kusini ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2000 ilizindua Ongamenet, chaneli nzima ya gemu, na wachezaji wa StarCraft wakawa mastaa wa kitaifa.

Huku kwetu miaka ileile

Sisi tuliokuwa watoto Afrika Mashariki hatukukiona kipindi cha GamesMaster wakati wake. Uganda miaka hiyo ya mwanzo ilitegemea UTV, stesheni ya serikali iliyoanza 1963. WBS ilikuja 1999. Tanzania Bara haikuwa na stesheni hata moja ya televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na yake tangu miaka ya 1970. Mimi GamesMaster nilikikuta baadaye sana kwenye YouTube, ambako mashabiki wamepandisha vipindi walivyovirekodi kwenye kanda za VHS. Picha zina mikwaruzo, sauti inakwaruza. Hata hivyo niliangalia kama mtu anayeangalia albamu ya nyumbani kwao.

Maana gemu zenyewe tulizicheza. Zilitufikia kupitia mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom ya Nintendo, na kaseti zilizojigamba kuwa na mamia ya michezo ndani, ambayo mingi ilikuwa ni uleule mmoja uliobadilishwa jina. Tulicheza Contra. Tulicheza Super Mario. Tulicheza vifaru vya Battle City. Mashine ilikuwa ya nyumba moja na mtaa mzima ulikuwa na zamu. Kaka mkubwa anashika pedi, wadogo tumekaa sakafuni tunamwambia ruka, inama, rudi nyuma. Tulikuwa tunachambua mchezo bila kulipwa, na tulijifunza kwa macho kabla vidole vyetu havijapata nafasi. Katika kanisa lile la London niliwaona watoto wakifanya tulichofanya sisi, isipokuwa wao walielekezewa kamera.

Uganda ina jambo la ziada. Katika vibanda vya video, VJ hukaa na kipaza sauti akiigeuza sinema ya Hollywood au ya Hong Kong kuwa ya Kiganda, papo kwa papo, na kuitia utani, maonyo na majina ya mitaa. VJ Jingo na wenzake wamejenga sanaa kamili ambayo watafiti wa sinema wanaizungumzia duniani. Mtu anayeweza kuisimulia filamu ya saa mbili kwa pumzi moja atashindwaje kusimulia mechi ya gemu ya dakika kumi? Kiungo ambacho Waingereza walikitafuta kwa kuajiri wachambuzi, Kampala inacho vibandani.

Nafasi iliyobaki wazi

Televisheni zetu zinajua kuandaa mashindano. Mwaka 2004, Coca-Cola Pop Stars ilitupa Blu*3, kundi la waimbaji, wasichana watatu wa Uganda. Mwaka 2006 Tusker Project Fame ilianza Nairobi na Valerie Kimani akaibuka mshindi. Kuanzia 2007 John Sibi-Okumu aliwauliza maswali wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika katika Celtel Africa Challenge, ambayo baadaye iliitwa Zain Africa Challenge. Waimbaji wamepata jukwaa, na wasomi nao wamepata. Kijana wa gemu bado anaambiwa anapoteza muda.

Siamini kwamba anapoteza. Lual Mayen, mtoto wa wakimbizi wa Sudan Kusini, alikulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta ya mkononi, naye akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Kwenye kompyuta hiyo alibuni Salaam, gemu inayohubiri amani, na Desemba 2018 The Game Awards ilimtambua mbele ya watazamaji wa dunia nzima. Mwaka huohuo Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, akawa mwanamke wa kwanza nchini mwake kusajiliwa na timu ya kimataifa, kwa ustadi wake katika gemu ya Tekken. Wote wawili waliheshimiwa ugenini kwanza.

Wakati huohuo, kwenye mitaa yetu vibanda vya kubashiri mechi vinaongezeka. Humo kijana anaweka pesa yake kwenye miguu ya watu asiowajua, walio maelfu ya kilomita kutoka kwake. Kwenye chumba cha gemu anategemea jicho lake, kumbukumbu yake na subira yake, na akishindwa anajua kosa lilikuwa wapi. Kati ya burudani hizi mbili, ya pili ndiyo ningependa mdogo wangu aione ikisifiwa kwenye televisheni.

Gharama ya kipindi cha namna hiyo si ya kutisha. GamesMaster kilisimama kwa jaribio fupi, mchambuzi anayejua anachosema, na tuzo ambayo thamani yake ilikuwa heshima. Stesheni yoyote ya Kampala inaweza kuanza na vyuo: KIU dhidi ya Makerere, Makerere dhidi ya Kyambogo, VJ mmoja kwa Kiganda na mwingine kwa Kiswahili, na dakika kumi za mwisho ziachiwe vijana wanaobuni gemu zao wenyewe waonyeshe kazi zao. Wazazi waalikwe ukumbini. Wakimwona mtoto wao akipanga mbinu, akitulia chini ya shinikizo, kisha akampa mkono aliyemshinda, wataanza kumuuliza maswali tofauti na yale wanayomuuliza leo.