Sindano ya Homa ya Mafua Kabla ya Baridi ya Julai

Hapa Membley baridi hukaza Juni hadi Agosti, na wengi wetu huulizia sindano ya homa ya mafua mtoto akiwa tayari anakohoa. Kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka mwilini. Tena mtoto wa chini ya miaka 9 anayechanjwa mara ya kwanza huhitaji dozi 2, wiki 4 zikipita katikati. Hesabu mwenyewe: anza Aprili.

Aliye chini ya miezi 6 hachanjwi. Humkinga ni mama aliyechanjwa akiwa mjamzito.

Chanjo hii haimo katika zile za kawaida za kliniki ya watoto, kwa hivyo ulizia bei mapema. Na hapana, haileti mafua. Mkono huuma siku moja, mbili.