Historia Inafutwa, Uuguzi Unabaki
Mimi hufundisha historia katika chuo kikuu kimoja cha kibinafsi hapa Nairobi. Mwaka wa kwanza wamejiandikisha wanne. Mhasibu wetu, mtu mpole kweli, amepiga hesabu: karo ya wanne hailipi mshahara wa mhadhiri mmoja. Basi historia inafutwa, uuguzi unabaki.

Chanzo cha uhaba huu wa wanafunzi ni mtihani. Wizi wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, ulipobanwa 2016, idadi ya waliofuzu iliporomoka. 2017 waliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingilia digrii, walikuwa 70,073 tu. Vyuo vya umma vikawa na nafasi za kuwatosha wote, vya kibinafsi vikabaki na wachache. Mwaka 2023, serikali ikaacha kuwafadhili wanafunzi wapya katika vyuo vya kibinafsi kama chetu.

Mzazi, kabla ya kulipa karo, uliza: kozi hii ikifungwa, mwanangu atamalizia wapi?