Dhahabu Inayonasa Zebaki

Zebaki iliyomo majini kwa kiasi kidogo mno hupimwa ikiwa mvuke. Ni metali inayotoa mvuke hata bila kupashwa moto, na atomu zake huelea moja moja. Ndiyo maana inaweza kutolewa kwenye maji na kuhesabiwa peke yake.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 6 za zebaki isokaboni kwa lita. Njia namba 1631 ya Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani hugundua nanogramu 0.2 kwa lita, yaani kiasi kidogo mara 30,000. Gramu moja ya zebaki ikisambaa katika maboza 100,000 ya lita 10,000, kila lita hupata nanogramu moja tu.

Kwa viwango hivyo, makosa huanzia kwenye chupa. Hutumika ya kioo au ya Tefloni, kwa kuwa mvuke wa zebaki hupenya plastiki ya kawaida. Wachukua sampuli huwa wawili: mmoja hugusa chupa tu, mwingine hushika mengine yote. Mwenye meno yaliyozibwa kwa mchanganyiko wa zebaki hushauriwa asipumulie chupa iliyo wazi.

Katika maabara, monokloridi ya bromini hutiwa ili zebaki yote iwe ya namna moja, kisha kloridi ya bati huirudisha kuwa metali. Gesi ya naitrojeni hupulizwa ndani ya maji, mapovu yakapanda na mvuke hadi kwenye mrija wa kioo wenye mchanga uliopakwa dhahabu, inayounasa. Mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Geita, Tanzania, angecheka: yeye humwaga zebaki ndani ya karai ili inase dhahabu, halafu huchoma donge na kuacha moshi upotee. Maabara nayo huchoma, lakini inachotaka ni huo moshi.

Gesi ya agoni huubeba hadi kwenye seli inayomulikwa na taa ya urujuanimno, nayo ni taa ya zebaki. Atomu hufyonza mwanga wa nanomita 253.7 na kuutoa tena kila upande. Kihisi huwekwa ubavuni, kisione taa yenyewe. Hewa ya kawaida haifai, maana oksijeni na naitrojeni hufifisha mng'ao huo. Mbinu ya zamani zaidi, iliyoelezwa na Hatch na Ott mwaka 1968, hupima mwanga uliopungua. Ni kama kutafuta kivuli chembamba juani, ilhali hii ya mng'ao ni kuona kimulimuli gizani.

Maji yasiyo na zebaki hupitishwa hatua zilezile. Yakionyesha zebaki nyingi, majibu ya siku hiyo hayaaminiki.

Tarakimu inayopatikana ni ya zebaki yote kwa jumla. Methili-zebaki, iliyolimbikizwa na samaki na kuwasumisha watu wa Minamata, Japani, huhitaji kukenekwa, kuunganishwa na kundi la ethili na kutenganishwa kwa kromatografia, ndipo iingie kwenye seli ya mwanga.