Zohali na Posa: Tulijue Jua na Sayari Zake

Mama mmoja wa mtaani kwetu alitujia baada ya swala ya Alasiri, uso umemsawijika. Posa ya binti yake ilikuwa imekwisha kukubaliwa na wazee wa pande zote mbili, na mahari yametajwa. Kisha upande wa mume ukamwendea bwana mmoja anayejidai kujua falaki. Akahesabu herufi za majina ya vijana hao na ya mama zao, akakata hukumu: nyota ya binti ni Zohali, nayo ni nzito, haipatani na ya kijana. Shughuli ikasimama.

"Hebu niambieni, wanangu," alituuliza, "hiyo Zohali ni kitu gani?"

Swali lake lilitutia haya kidogo, kwani hatukuwahi kuliandikia ukurasa. Basi tunamjibu hapa, na kila mama mwenye swali kama lake asome pamoja naye.

Haiwezekani kuitaja Zohali kabla ya kulitaja jua. Jua ni nyota kama zile tuzionazo usiku, ila liko karibu nasi mno. Ni tufe la gesi, nyingi yake ikiwa haidrojeni. Katika kiini chake, ambako joto hufika nyuzi milioni 15 za Selsiasi, haidrojeni hubanwa ikageuka kuwa heliamu, na katika kugeuka huko hutoka nguvu inayotufikia kama mwanga na joto. Upana wake ni takriban kilomita 1,392,000, yaani dunia 109 zikipangwa safu moja. Umbali kutoka kwetu ni kama kilomita milioni 150, na mwanga huukata mwendo huo kwa dakika 8 na sekunde 20. Mwanga unaokausha nguo zetu uani ulikwisha kuondoka juani kabla hatujamaliza kuzikamua.

Tarakimu kubwa namna hii hazikai akilini. Tuchukue basi vitu vya jikoni. Jua na liwe sinia la wali lenye upana wa sentimita 70. Kwa kipimo hicho Utaridi, sayari iliyo karibu nalo zaidi, ni punje ya uwele iliyowekwa hatua chache tu, mita 29. Zuhura ni mbaazi, mita 54. Dunia yetu, pamoja na bahari zake zote na misikiti yake yote, nayo ni mbaazi, mita 75 kutoka kwenye sinia. Mirihi ni punje ya mtama, mita 114. Baada ya hapo mtu atembee sana: Mshtarii ni chungwa dogo lililo karibu mita 400, na Zohali ni limau, mita 720. Uranusi na Neptuni ni kunazi mbili, na ya mwisho iko zaidi ya kilomita 2 kutoka tulipoanzia. Na nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya jua? Kwa kipimo hicho hicho ingekuwa umbali wa kilomita 20,000, nusu ya mzingo wa dunia.

Zuhura twaijua sote, hata asiyeijua kwa jina: ndiyo ile ing'aayo magharibi baada ya machweo au mashariki kabla ya Alfajiri. Uzuri wake ni wa mbali. Hewa yake nzito huzuia joto lisitoke, hata uso wake ukafikia nyuzi 460 hivi, moto kuliko Utaridi iliyo karibu zaidi na jua. Hujizungusha polepole mno, siku 243, ilhali kulizunguka jua huchukua siku 225 tu.

Na Zohali? Ni tufe la gesi lenye upana wa dunia 9, lisilo na ardhi ya kukanyaga. Pete zake maarufu ni vipande visivyo na idadi vya barafu na mawe. Wanaoiita nzito huenda wakashangaa kusikia kwamba, kwa ukubwa wake, ni nyepesi kuliko maji. Hulizunguka jua mara moja kwa miaka 29 na nusu. Binti yule ana miaka 22. Tangu azaliwe, Zohali haijamaliza hata duru moja.

Majina haya, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, tumeyapokea kutoka Kiarabu, pamoja na elimu iliyoheshimiwa. Kwa falaki ya kweli Waislamu walipima kibla, nyakati za swala na miandamo ya mwezi. Wala haikuwa kazi ya wanaume peke yao: katika karne ya 10, mjini Halab, Al-Ijliyya, binti wa fundi wa asturlabi, aliifanya kazi ya baba yake katika utumishi wa Saif al-Dawla. Elimu hiyo tunaitumia kila siku tunapotazama saa ya Adhuhuri. Mwenye mtoto mdadisi na asimike kijiti wima uani mapema mwezi wa Oktoba, au karibu na tarehe 10 Machi. Hapa Mombasa, jua likifika kati, kivuli kitakaribia kutoweka kabisa, kwa kuwa siku hizo linapita juu ya utosi wetu. Ila mtoto aonywe asilitazame jua lenyewe, wala kwa miwani ya kawaida, kwa sababu macho huungua bila kuhisi maumivu.

Kupiga ramli kwa majina ni jambo jingine kabisa. Halipimi kitu chochote kilichoko mbinguni. Bwana yule hakuinua hata uso kuitafuta hiyo Zohali. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad (S.A.W.), jua lilipatwa siku hiyo hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Mtume, akiwa katika huzuni ya mzazi, aliwakatalia: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu. Ikiwa havikupatwa kwa mwana wa Mtume, sisi twaona ni vigumu kuamini kwamba limau lile la mita 720 limejishughulisha na harusi ya mtaani kwetu.

Tulimsomea mama yule maneno haya kabla ya kuyachapisha. Akaomba nakala mbili, moja yake, na moja ya kupeleka kwa mama wa kijana. Hadi tunapoandika, jibu halijarudi.