Kagame, wahisani na sanduku la dawa

Januari 20, 2025 Rais Donald Trump wa Marekani aliamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90. Kufikia Julai 1 mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limeacha kazi, na shughuli chache zilizosalia zikahamia Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Huku mipakani watu wakaanza kuulizana: je, dawa sasa zitatoka wapi?

Rais Paul Kagame wa Rwanda hakulia na waliao. Februari 2025 alisema huenda Afrika ikajifunza kitu kutokana na maumivu hayo. Wasiomfahamu walishangaa, lakini wimbo huu si mpya kwake. Mei 2009 aliandika katika gazeti la Financial Times la London kwamba Afrika itafute njia yake yenyewe. Wahisani walipozuia fedha mwaka 2012 kwa sababu ya vita vya Kongo, Kigali ikaanzisha Mfuko wa Agaciro na wananchi tukachanga. Februari 2019, Addis Ababa, akawaita marais wenzake waongeze fedha za afya kutoka katika bajeti zao. Ikumbukwe kwamba tangu 2001, kule Abuja, waliahidi kutenga asilimia 15, na wengi hawajafika hata karibu.

Ndugu msomaji, mimi nilisoma Karagwe, Tanzania, tukiwa wakimbizi. Miaka ya 1980 zahanati za vijijini zilipata dawa kwa masanduku, yakilipiwa na Denmark kupitia UNICEF. Sanduku likifika, mtoto mwenye malaria anapewa klorokwini bila kulipa hata senti. Likiisha kabla ya mwezi kwisha, mganga anaandika karatasi, na mama anatafuta mbuzi wa kuuza. Aliyekulia hivyo hawezi kuidharau misaada, na hawezi kuitegemea pia.

Kwa hiyo nakubaliana na Kagame, ila si kwa yote. Chukua mituweli, bima ya afya ya jamii ambayo sisi tuliorejea Rwanda tunajivunia. Ilianza kwa majaribio mwaka 1999. Kwa miaka kadhaa mtu alichangia faranga 1,000 kwa mwaka, hadi 2011 viwango vilipopangwa kwa uwezo: 2,000, 3,000 na 7,000. Ni jasho letu, kweli. Lakini michango ya maskini wengi katika miaka ya mwanzo ililipwa na Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria. Bila fedha ile sidhani kama nyumba ingesimama. Misaada ilitumika kujenga kitu kilichobaki, na hapo ndipo hoja ya Kagame ina nguvu kuliko inavyosikika redioni.

Udhaifu wake uko kwenye dawa za kurefusha maisha. Anayezimeza kila siku hawezi kuambiwa asubiri taifa lijifunze. Nazo, kwa sehemu kubwa, zimenunuliwa na Mfuko huohuo na mpango wa Marekani ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003. Novemba 2025, Johannesburg, Mfuko uliomba dola bilioni 18, ukaahidiwa bilioni 11.34. Pengo hilo litazibwa na nani?

Wafanyabiashara mnajua jibu moja lililokwisha jaribiwa. Mwaka 2016, mjini Kigali, Umoja wa Afrika ulikubaliana kutoza asilimia 0.2 kwa bidhaa zinazotoka nje ya bara, ili ujilipie wenyewe. Kontena la Guangzhou linaguswa. Mchele wa Kahama unaovuka Rusumo hauguswi. Tozo hiyo si ya dawa. Lakini serikali ikitaka ya dawa, forodha ndipo itakapoanzia, nami ningependa mama wa maduka aulizwe kabla, si baada.

Na liko jingine ambalo sijamsikia mkubwa yeyote akilitolea jibu. Mwenye mituweli akiugua akiwa sokoni Ngara, kadi yake ni karatasi tu. Atalipa taslimu, kama mgeni.